Chokaa ya Matumbawe na Wataalamu wa Hewa Ukaa

Upande wa Wingwi na Tumbe, kaskazini mwa Pemba, magofu ya Chwaka yangali yameshikwa na chokaa ya matumbawe. Jiwe la namna hiyo likichomwa hupungua uzito. Joseph Black wa Uskoti alieleza sababu yake mwaka 1756: moto hufukuza hewa iliyofungamana nalo. Lavoisier wa Ufaransa akathibitisha kwamba hewa hiyo ina kaboni na oksijeni. Arrhenius wa Sweden, mwaka 1896, akakadiria jinsi izidishavyo joto la dunia. Na tangu 1958 Keeling wa Marekani akaipima, akaiona yaongezeka mwaka hata mwaka. Kiswahili huiita hewa ukaa, kwa asili ya kaa la moto. Chokaa ikaukapo ukutani huivuta tena polepole. Lakini itokayo katika mafuta na makaa ya mawe imezidi mno, na bahari ipatapo joto huua matumbawe yale yale yaliyowajengea wazee.