Jumatano Saa Kumi: Sala ya Redio na Wasikilizaji Walioitetea

Choral Evensong, yaani Sala ya Jioni inayoimbwa na kwaya, ndicho kipindi kikongwe kuliko vyote ambavyo Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, hurusha kutoka nje ya studio zake. Kilisikika hewani kwa mara ya kwanza Alhamisi, tarehe 7 Oktoba 1926, kutoka Westminster Abbey, London. Tangu hapo kimehamishwa idhaa, siku na saa, na mara mbili, mwaka 1970 na mwaka 2007, wasikilizaji walishika kalamu kupinga. Mara zote mbili shirika lilirudi nyuma. Vipo vipindi vingine vya dini vya umri huohuo ambavyo wasikilizaji wake hawakubahatika hivyo.

Sala yenyewe ni ya zamani kuliko redio kwa karne nyingi. Askofu Mkuu Thomas Cranmer alipotunga Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, alichukua sala mbili za watawa, ile ya masifu ya jioni na ile ya kufunga siku kabla ya kulala, akaziunganisha kuwa moja kwa lugha ya Kiingereza ili muumini wa kawaida aifuate. Kitabu hicho kiliboreshwa mara kadhaa hadi toleo la mwaka 1662, na mpangilio wake ndio unaosikika redioni mpaka leo: zaburi, somo la Agano la Kale, Wimbo wa Maria, somo la Agano Jipya, Wimbo wa Simeoni, kisha Imani na maombi. Makanisa makuu yaliwapa watunzi wa muziki maneno hayo wayatilie sauti, kuanzia Byrd na Gibbons hadi Herbert Howells wa karne ya 20. Waanglikana wa Afrika Mashariki nao wameirithi sala hiyo kwa Kiswahili. Askofu Edward Steere, aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini, Zanzibar, palipokuwa na soko la watumwa, alikuwa pia mfasiri mkubwa wa misheni yake.

Jambo moja katika Kitabu cha Sala lina uzito wa pekee katika historia hii. Zaburi zote 150 zimegawanywa kwa siku 30 za mwezi, asubuhi na jioni, kila tarehe na zaburi zake. Jioni ya tarehe 15 ni zamu ya Zaburi ya 78, yenye aya 73, nayo huimbwa yote. Kwa hiyo anayefungulia redio jioni hiyo husikia maneno ambayo makanisa mengine yanayofuata utaratibu huo yanaimba siku hiyohiyo. Kalenda imefumwa ndani ya sala yenyewe, na ukiihamisha siku umegusa pia kinachoimbwa. Wapangaji wa ratiba walikuwa wepesi wa kulisahau hilo, wasikilizaji hawakulisahau.

Kuingia kwa sala redioni hakukuwa rahisi. Tarehe 26 Aprili 1923, Duke wa York, ambaye baadaye alikuwa Mfalme George wa Sita, alifunga ndoa Westminster Abbey. BBC, wakati huo kampuni changa ya utangazaji, iliomba kuirusha ibada hiyo ikakataliwa. Hofu iliyotajwa ilikuwa kwamba watu wangeisikiliza wakiwa vilabuni, wameketi na kofia kichwani. Hofu hiyo ilikuwa na maana kwa wakati wake, kwa sababu hakuna aliyejua kama sala inayopita hewani inabaki kuwa sala inapofika kwa mtu asiyeikusudia.

Aliyesukuma mlango ufunguke ni John Reith, meneja wa kwanza wa BBC, mtoto wa mchungaji wa Uskochi, aliyeamini kwamba chombo hicho kimewekwa mikononi mwake kwa ajili ya kuinua watu. Chini yake, tarehe 6 Januari 1924, ibada kamili ilirushwa kutoka kanisa la St Martin-in-the-Fields, ambako mchungaji wake, Dick Sheppard, aliona kwamba redio inawafikia watu ambao kanisa halijawafikia. Miaka miwili na miezi tisa baadaye ni Westminster Abbey ileile iliyoweka kipaza sauti mbele ya kwaya yake, na Sala ya Jioni ikaanza safari yake. Mpiga kinanda mkuu wa hapo wakati huo, Sydney Nicholson, mwaka uliofuata alianzisha chuo cha kuinua uimbaji wa makanisa ya kawaida. Kwaya za vijijini, ambazo hazikuwa na uwezo wa kusafiri hadi London, sasa zilikuwa na kipimo cha kusikiliza.

Wasikilizaji wa dini walijifunza mapema kwamba redio inaweza kuombwa. Kathleen Cordeux, mwanamke wa Watford, alishikilia kwamba wagonjwa na wazee wasioweza kutoka nyumbani wanahitaji sala fupi kila siku. Aliandika barua, akahamasisha wengine, akakusanya sahihi za maelfu ya watu. Tarehe 2 Januari 1928 ibada ya kila siku, Daily Service, ilianza kurushwa saa nne na robo asubuhi. Wasikilizaji wenyewe ndio waliokizaa kipindi hicho, nacho kimo miongoni mwa vipindi vya redio vilivyodumu kuliko vyote duniani.

Sala ya Jioni iliendelea kupitia majina yote ambayo idhaa ya kitaifa ilipewa, National Programme, kisha Home Service, kisha Radio 4. Taratibu ilitoka mikononi mwa Westminster Abbey peke yake ikaanza kuzunguka makanisa makuu na vyuo vya nchi nzima, wiki hii York, wiki ijayo Cambridge au Wells. Kuzunguka huko ndiko kulikokijengea kipindi mapenzi. Msikilizaji alijifunza kutambua mwangwi wa kila jengo, ule unaochelewa chini ya kuba na ule mfupi wa kanisa la chuo lenye kuta za mbao, akajua pia ni kwaya gani huimba zaburi kwa kukokota na ipi huimba kama inayozungumza.

Mwaka 1970 BBC ilizipanga upya idhaa zake. Radio 4 ikaelekea zaidi kwenye habari na mazungumzo, na Radio 3 ikawa makao ya muziki wa klasiki. Tarehe 8 Aprili mwaka huo, siku ya Jumatano, Sala ya Jioni ikahamia Radio 3. Uhamisho huo ulikuja pamoja na uamuzi wa kukipunguza kipindi: badala ya kila wiki, kisikike mara moja kwa mwezi. Barua zaidi ya elfu mbili za malalamiko zilifika. Kwa zama zile, kila barua ilikuwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono au kupigwa taipu, ikatiwa stempu na kupelekwa posta, hivyo wingi huo ulikuwa na sauti. Kipindi kikarudishwa kila wiki, na Jumatano ikawa siku yake.

Kutoka hapo Jumatano ilijijenga taratibu kwa mazoea ya watu. Kwa miaka zaidi ya 30 kipindi kilikuwa katikati ya wiki, alasiri, matangazo ya moja kwa moja. Kanisa kuu lililopewa zamu lilikuwa likiwahisha sala yake, kwani desturi ya wengi ni kusali saa kumi na moja na nusu siku za kazi. Kwaya ya watoto ikatoka shuleni mapema na waumini wakaambiwa waje kabla. Ni kweli basi kwamba saa ya redio nayo ilikuwa imepangwa na binadamu na ilikuwa imekwisha lisumbua kanisa. Lakini mazoea ya miaka 30 ni kitu halisi. Wako waliosimamisha gari kando ya barabara, na wako wapishi waliojua kwamba Wimbo wa Maria ukianza ndipo viazi vitiwe jikoni. Wasioamini Mungu nao walisikiliza, kwa ajili ya muziki na kwa ajili ya utulivu wa saa hiyo.

Februari 2007 Radio 3 ilikuja na ratiba mpya. Matamasha mengi ya jioni yaliyokuwa yakirushwa moja kwa moja yakawa ya kurekodiwa, baadhi ya vipindi vikafutwa, na Sala ya Jioni ikatolewa Jumatano ikapelekwa Jumapili saa kumi jioni. Hoja ya uamuzi wa namna hiyo ni ya hesabu na inaeleweka kwa urahisi: Jumapili watu wengi wako nyumbani, Jumatano alasiri wengi wako kazini, na ibada ya Kikristo inaonekana kuwa na pahali pake siku ya Bwana. Kwa mtu anayeitazama ratiba kama jedwali lenye vyumba vya kujaza, hakuna kilichopotea.

Waliopinga waliona kilichopotea. Kwanza ni wanamuziki wa kanisa. Mpiga kinanda wa parokia, mwalimu wa kwaya, padri na mwimbaji, wote hao Jumapili alasiri wako kazini kanisani kwao au wako njiani. Kipindi ambacho kilikuwa shule yao ya kila wiki kiliwekwa kwenye saa ambayo wao, kuliko watu wengine wote, hawawezi kukaa kando ya redio. Ilikuwa kama kuhamishia somo la walimu saa ambayo walimu wako darasani.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi ingawa haikuwa na idadi ya kuonyesha. Sala ya Jioni ni sala ya siku za kazi. Makanisa makuu ya Uingereza huiimba siku nyingi za wiki, mara nyingine mbele ya watu wachache wasiozidi waimbaji, na uzuri wake unatokana na ukweli kwamba ingeimbwa hata kama hakuna mtu aliyekuja. Jumatano redio ilikuwa inachungulia jambo linalotendeka kila siku. Jumapili ikawa ibada nyingine miongoni mwa ibada za Jumapili, siku ambayo tayari ina vipindi vyake vya dini. Katikati ya wiki palibaki patupu.

Malalamiko yalifika kwa barua, magazetini na kupitia makundi ya wasikilizaji. Kundi la Friends of Radio 3, lililokuwapo tangu mwaka 2003 kutetea viwango vya idhaa hiyo, lilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti. Mjadala uliendelea kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Septemba 2008 Radio 3, chini ya msimamizi wake Roger Wright, iliyarudisha matangazo ya moja kwa moja siku ya Jumatano, na marudio yake yakawekwa Jumapili alasiri. Suluhisho hilo lilikuwa la busara kuliko misimamo ya pande zote mbili ilipoanza. Waliokuwa kazini Jumatano walipata Jumapili yao, na waliotaka sala ya siku ya kazi wakaipata siku ya kazi, ingawa anayesikiliza marudio huimbiwa zaburi za tarehe iliyokwisha kupita.

Vipindi ndugu havikutendewa hivyo. Sunday Half Hour, nusu saa ya tenzi iliyoanza tarehe 14 Julai 1940, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa imepamba moto, ilikuwa kwa miongo mingi sehemu ya Jumapili usiku. Januari 2013 Radio 2 iliihamisha hadi saa 12 asubuhi na kuirefusha kuwa saa nzima kwa jina jipya. Kwa muda wa matangazo kipindi kilikuwa kimeongezewa. Kwa mtu mzima aliyezoea kuifunga siku kwa tenzi za utotoni mwake kilikuwa kimeondolewa. Mwaka 2018 kilifutwa. Ibada ya kila siku, ile aliyoipigania Kathleen Cordeux, miaka ya 1990 iliondolewa kwenye FM ikaachwa kwenye masafa marefu, na Aprili 2024, Radio 4 ilipoacha kuwa na ratiba ya peke yake kwenye masafa hayo, ikapelekwa idhaa ya kidijitali ya Radio 4 Extra. Mgonjwa aliye kitandani na redio ya zamani, yaani mtu yuleyule ambaye kipindi kilianzishwa kwa ajili yake, ndiye aliyepata taabu kuifuata huko.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga makanisa ya Uingereza, hapakuwa na kwaya ya kurusha. Radio 3 ilitoa kanda za ibada za zamani na kuzicheza katika saa ileile, kwa hiyo hata sala isipokuwepo kanisani saa yake haikuachwa wazi. Msikilizaji wa mwaka 1970 angeuelewa uamuzi huo bila kuelezwa.

Miaka 90 ya kipindi iliadhimishwa Westminster Abbey tarehe 28 Septemba 2016, moja kwa moja, siku ya Jumatano. Miaka 100 inatimia tarehe 7 Oktoba 2026, nayo kwa kalenda ni Jumatano.