Bakteria sugu katika hospitali za Afrika Mashariki

Bakteria sugu ni bakteria wanaoendelea kuishi na kuzaana hata wakikutana na dawa iliyokuwa ikiwaua. Hali hiyo, ikijumlishwa na ile ya vimelea wengine, huitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa (UVIDA). Katika hospitali za Afrika Mashariki wanaoathirika zaidi ni watoto wachanga, waliopasuliwa, walioungua moto na waliolazwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi.

Wanaotajwa sana ni Klebsiella pneumoniae, Escherichia coli, Acinetobacter baumannii, Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus sugu kwa methisilini. Wengi wao ni wenyeji wa kawaida wa utumbo, pua, ngozi au sehemu zenye majimaji, wala hawamsumbui mtu mzima mwenye afya. Hupata upenyo pale kanula, mpira wa mkojo au mshono wa upasuaji unapowafungulia njia.

Klebsiella ndiye anayestahili kuangaliwa kwa karibu. Ampisilini haimuui tangu asili. Aina zake nyingi za hospitalini hutengeneza pia vimeng'enya vya kundi la ESBL, ambavyo huvunja seftriaksoni, sindano iliyozoeleka mno wodini kwa kuwa ni ya bei nafuu na huweza kutolewa mara moja kwa siku. Jeni za vimeng'enya hivyo hukaa kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA ambacho bakteria humpa mwenzake, hata wa spishi nyingine. Mara nyingi plasmidi hiyohiyo hubeba usugu dhidi ya jentamaisini, hivyo wodi inayotumia seftriaksoni kupita kiasi huweza kuipoteza na jentamaisini ambayo haikuigusa. Inayobaki ni meropenemu, na hiyo nayo ina adui: kimeng'enya NDM-1, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, kiliripotiwa katika Klebsiella wa wagonjwa wa Nairobi mwaka 2011.

Ushahidi wa madhara ya bakteria sugu si wa jana. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2001 hadi 2002 uliwafuatilia watoto wa hadi miaka 7 waliolazwa na dalili za maambukizi. Waliokuwa na bakteria wa gramu hasi (kundi la Klebsiella na E. coli) kwenye damu walifariki kwa asilimia 43.5, wenye malaria, asilimia 20.2. Wakati huo malaria ndiyo iliyotawala mazungumzo na bajeti. Utafiti wa BARNARDS, uliofanyika kati ya 2015 na 2017 katika nchi 7 za Afrika na Asia, Rwanda ikiwemo, ulimkuta Klebsiella akiwa mstari wa mbele katika maambukizi ya damu ya watoto wachanga. Kwa dunia nzima, makadirio ya mwaka 2019 ni vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria.

Mabango ya kampeni humnyooshea kidole mgonjwa: amenunua vidonge bila cheti, hakumaliza dozi. Lawama hiyo ina ukweli wake mtaani, lakini haimwelezi kichanga wa siku 3 ambaye hajameza kidonge hata kimoja. Huyo amewapata bakteria wake wodini, au kwa mama yake wakati wa kuzaliwa. Katika wodi ya njiti iliyojaa, watoto wawili au watatu hulazwa kitanda kimoja, muuguzi mmoja huwahudumia wengi, na bomba la maji likikauka kunawa mikono huahirishwa. Chupa moja ya maji ya kuchanganyia dawa ikichomwa sindano mara kwa mara kwa ajili ya watoto tofauti, wodi nzima inaweza kuambukizwa. Mpira wa kunyonyea ute usiotakaswa vizuri hufanya kazi hiyohiyo. Ndiyo maana kitakasa mikono cha fomula ya Shirika la Afya Duniani (ethanoli asilimia 80, gliseroli na haidrojeni peroksaidi kidogo), kinachoweza kutengenezwa na famasi ya hospitali yenyewe, huokoa watoto wengi kuliko bango. Huduma ya kangaruu, mtoto akibebwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, nayo hupunguza maambukizi.

Kumtambua bakteria sugu kunahitaji kuotesha. Damu huwekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria. Wakiota, hupandwa juu ya sahani ya aga na kuwekewa visahani vidogo vya karatasi vyenye dawa. Kesho yake mtaalamu wa maabara huchukua rula na kupima duara lisilo na bakteria. Kwa seftriaksoni na jamaa za Klebsiella, vigezo vya CLSI vya Marekani husema milimita 23 au zaidi dawa inafaa, 19 au pungufu haifai. Kazi si ngumu, ila majibu huchukua siku mbili, tatu au zaidi, na hospitali nyingi za wilaya hazina chupa wala aga. Daktari huandika dawa kwa kubahatisha, na hata majibu yakija mara nyingi mgonjwa ameshabadilishiwa dawa au ameshafariki.

Tanzania na Kenya zilizindua mipango ya taifa dhidi ya UVIDA mwaka 2017. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliweka lengo kwamba ifikapo 2030, angalau asilimia 70 ya viuavijasumu vinavyotumiwa na binadamu duniani vitoke katika kundi la dawa za mstari wa kwanza, zinamokaa ampisilini na jentamaisini. Wodi ya watoto wachanga yenye Klebsiella asiyesikia zote mbili haiwezi kuchangia sana lengo hilo. Itabidi lifikiwe kwa wagonjwa wa nje, ambako mafua na kuhara kwa kawaida bado huandikiwa viuavijasumu bila sababu.