Moyo Ulioamrishwa kwa Umeme

Katika tarehe ya tiba hakuna kisa kinipendezacho kama cha Bwana Arne Larsson wa Sweden, ambaye maradhi yalikuwa yameziharibu zile njia ndani ya nyama ya moyo zipitishazo amri ya kupiga, hata akawa akizimia mara nyingi kila siku, na ahli zake wakimhesabia ajali.

Umeme haukuwa mgeni kwa matabibu. Luigi Galvani wa Bologna alikwisha kudhihirisha katika karne ya 18 kwamba mguu wa chura aliyekufa hutukutika ukiguswa na umeme. Na mwaka 1952 Paul Zoll, huko Boston, aliuendesha moyo wa mgonjwa kwa umeme uliopitishwa juu ya kifua, tiba iliyofaa lakini yenye maumivu makali, tena iliyomfunga mgonjwa kando ya mashine.

Else-Marie, mkewe Larsson, alipopata habari kwamba mpasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist walikuwa wakijaribu chombo cha kutiwa mwilini, aliwaendea; wakamwambia kuwa cha kumfaa binadamu hakijakuwa tayari, naye akawashikilia wakitengeneze, asiwape raha mpaka wakakubali. Basi Elmqvist akatwaa transista mbili na betri ndogo ya kuchajiwa, akaviweka ndani ya kopo la kiwi, hili hili la kung'arishia viatu, akamimina epoksi ikaganda. Jioni ya tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska, Senning alikifukia chombo hicho chini ya ngozi ya tumbo na kuzishona nyaya zake moyoni. Kilikufa baada ya saa chache. Cha pili nacho hakikudumu. Lakini Larsson aliishi, akabadilishiwa vyombo zaidi ya 20, na alipofariki mwaka 2001, mwenye umri wa miaka 86, kwa saratani wala si kwa moyo, Elmqvist na Senning walikuwa wamekwisha kumtangulia.

Hata hivyo msomaji asighurike: umeme ule haukuponya kitu, bali ulishika kazi ya sehemu iliyoharibika. Kuijenga nyama yenyewe ni jambo jingine. Mwaka 2004 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, walizipitishia umeme seli za moyo wa panya wachanga, zikajipanga na kupiga kwa pamoja. Lakini hayo yalikuwa ya maabara, na mgonjwa wa leo angali anategemea chombo cha betri.