Breka ya Mvujo

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme jijini Mwanza, "breka" ni jina la vifaa viwili visivyofanya kazi moja. Mteja anaomba breka, anauziwa breka, halafu nyumba inabaki bila kinga aliyodhani kainunua.

Breka ya kawaida, ile ndogo ya ampea 16 au 32, inalinda waya. Waya ukipiga shoti, au vifaa vikizidi uwezo wake, inajikata kabla moto haujawaka. Binadamu hayumo katika hesabu zake. Ya pili, iitwayo RCD, inalinganisha umeme unaoingia kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Ukirudi pungufu, umevuja mahali, pengine kupitia mwili wa mtu. Zile za majumbani hukata upungufu ukifika miliampea 30, tena ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Wahispania wamezitenga kwa majina: ya kwanza ni magnetotérmico, kwa kuwa huendeshwa na sumaku na joto, ya pili ni diferencial, yaani inayosoma tofauti. Mafundi wetu tayari wanasema "umeme unavuja", kwa hiyo napendekeza breka ya mvujo. "Breka" yenyewe imeshazoeleka, sioni sababu ya kuifukuza.

Mwanza inakihitaji kifaa hiki kuliko miji mingi. Nyumba za vilima vya Bugando na Igogo zimekaa juu ya majabali. Fundi anapiga nyundo ethi rodi, inagota mwambani kabla ya kuzama, naye anakata kipande kilichobaki juu. Ethi ya namna hiyo inaweza kuwa na ukinzani wa omu 100, hata zaidi. Sasa chukua friza ya sato ambayo waya wake umechubuka ukagusa bodi. Volti 230 gawanya kwa omu 100, unapata ampea 2.3. Breka ya ampea 32 haitajikata kwa kiasi hicho, na bodi la friza litabaki na umeme mpaka aliguse mtu mwenye mikono mibichi. Kwa breka ya mvujo, ampea hizo ni zaidi ya mara 70 ya kiwango chake. Inakata hapo hapo, kabla mtu hajafika.

Fungua boksi la breka nyumbani kwako leo, utafute kitufe chenye herufi T. Kibonyeze. Umeme usipokatika, au kitufe chenyewe kisipokuwepo, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, na dukani mwagize breka ya mvujo, RCD ya miliampea 30.