Injini 324

Mwaka 1969 mto Taehwa ulifurika, maji yakaingia mpaka ndani ya kiwanda cha Hyundai mjini Ulsan, kusini-mashariki mwa Korea Kusini. Humo yalikuwa yakiunganishwa magari ya Ford Cortina. Vipuri vililowa, magari yakalowa, na sifa ya kiwanda ambacho hakijatimiza hata miaka miwili ya kuuza gari ikalowa navyo. Hata kabla ya mafuriko mambo hayakuwa mazuri. Cortina ilibuniwa kwa barabara za lami za Uingereza, na barabara nyingi za Korea wakati huo zilikuwa za udongo na mawe. Wenye teksi walizikimbiza usiku na mchana, kisha wakarudi kwa muuzaji wakilalamika.

Mafundi wa Ulsan waliona kwa macho yao nini kinavunjika. Lakini kuona ni jambo moja, na kuwa na ruhusa ya kurekebisha ni jingine. Mchoro ulikuwa wa Ford. Vipuri vilifika vimefungwa kwenye masanduku, na kazi ya Hyundai ilikuwa kuvifungua na kuvikaza kwa mpangilio uleule ulioandikwa ng'ambo. Ndiyo kazi inayofanyika mpaka leo katika viwanda vingi vya kuunganisha magari, vikiwamo vya Thika na Mombasa, na ni kazi halali yenye ajira na ujuzi wake. Ila inamfunga mtu mikono pale hasa anapotaka kuitumia.

Watu wakitaka kujua kama kiwanda cha magari ni huru, hutazama nembo iliyopo mbele ya gari, au huuliza hisa ni za nani. Mimi baada ya kufuatilia habari za Ulsan nauliza swali la fundi wa gereji: boneti ikifunguliwa, nani anaweza kubadili kilichomo bila kuomba ruhusa kwa mtu?

Mwenye Hyundai, Chung Ju-yung, alizaliwa mwaka 1915 katika kijiji cha wakulima kilichoko sasa upande wa Korea Kaskazini. Alitoroka nyumbani zaidi ya mara moja kabla hajafanikiwa kubaki Seoul, akafanya kazi katika duka la mchele, na mwaka 1940 akafungua gereji. Muda si muda gereji ikaungua moto. Alikopa tena akaanza upya. Kampuni yake ya ujenzi ya mwaka 1947 ndiyo iliyompa utajiri, na mwaka 1967 alianzisha kampuni ya magari, akamkabidhi mdogo wake, Chung Se-yung. Mwaka uliofuata walitia saini mkataba na Ford.

Pande zote mbili zilitaka kwenda mbele: kujenga kwa ubia kiwanda cha injini. Mazungumzo yaliendelea kwa miaka. Ford ilitaka Ulsan iwe sehemu moja ya mtandao wake wa dunia, itengeneze inachopangiwa. Akina Chung walitaka kuuza nje, tena gari lenye jina lao. Mwaka 1973 mazungumzo yakavunjika. Jirani zao walikuwa wameshachagua njia nyingine: mwaka 1972 General Motors ilichukua nusu ya kampuni ya Shinjin, ile iliyokuja baadaye kuitwa Daewoo. Kwa macho ya wakati ule, waliofunga ndoa na Wamarekani ndio walioonekana wenye akili. Hyundai ilibaki na kiwanda, madeni, na serikali ya Park Chung-hee iliyokuwa ikizitaka kampuni za nchi zibuni gari dogo la kwao.

Sasa wafanye nini watu wasiowahi kubuni hata mlango wa gari? Waliazima. Umbo la gari walimpa Giorgetto Giugiaro wa Turin, yuleyule aliyechora Golf ya kwanza ya Volkswagen. Injini ya sentimeta za ujazo 1,238, pamoja na giaboksi, walinunua leseni yake kwa Mitsubishi ya Japani. Kusimamia kazi yote wakamwajiri Mwingereza, George Turnbull, aliyekuwa mkubwa katika British Leyland, kampuni iliyokuwa wakati huohuo ikianzisha Leyland Kenya pale Thika. Turnbull alikuja na wahandisi wenzake Waingereza. Fedha zilitoka kwenye mabenki ya nchi mbalimbali.

Waswahili husema cha kuazima hakisitiri matako, na ukiitazama Pony, gari lililozaliwa hapo, utadhani methali hiyo ilitungwa kwa ajili yake. Lakini tazama jinsi walivyoazima. Walichukua kwa wengi, kila mmoja kitu kimoja, kwa bei iliyoandikwa na kwa muda uliojulikana. Mwitaliano hakuwa na neno juu ya injini, Mjapani hakuwa na neno juu ya bodi, na wa benki alitaka riba yake tu. Anayeazima kwa mtu mmoja kila kitu, huyo ndiye aliyempa mwenzake ufunguo wa nyumba.

Halafu kuna kile walichokifanya na walichoazima. Wahandisi vijana wa Kikorea walipelekwa Turin kukaa na mafundi wa Giugiaro. Mmoja wao, Lee Choong-goo, alijulikana kwa daftari lake: mchana aliangalia, usiku aliandika alichokiona, michoro, vipimo, hatua kwa hatua. Daftari lile lilirudi Ulsan likawa kama kitabu cha kiada. Gari lilioneshwa Turin mwezi Oktoba 1974, na mapema 1976 likaanza kuuzwa nyumbani. Mwaka huohuo Pony chache zilipakiwa melini kwenda Ecuador. Hakuna mshirika aliyeulizwa kama Ecuador ni soko la mtu mwingine.

Shinikizo halikukoma. Chung ameandika katika kumbukumbu zake kwamba mwaka 1977 balozi wa Marekani mjini Seoul, Richard Sneider, alimshauri aachane na gari la kwake, aungane na kampuni ya Kimarekani, naye angemsaidia katika kazi zake za ujenzi. Haikuwa ahadi ndogo kwa mtu aliyekuwa akijenga bandari Jubail, Saudi Arabia. Alikataa. Fedha za ujenzi zilimpa kiburi hicho. Ni rahisi zaidi kusema hapana ukiwa na shamba jingine linalokulisha, na historia ya Hyundai haieleweki bila hilo.

Haieleweki pia bila ukuta wa serikali. Magari ya Japani yalizuiwa kuingia Korea kwa miaka mingi, na raia walinunua ya nyumbani kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Wafanyakazi nao walilipa sehemu yao kwa saa ndefu na nidhamu ya kijeshi, mpaka kiangazi cha 1987 walipogoma kwa maelfu pale Ulsan na kuunda vyama vyao. Anayesimulia uhuru wa kiwanda hiki bila kuwataja hao amesimulia nusu.

Turudi kwenye boneti. Mwaka 1986 Hyundai iliingia Marekani na gari la Excel kwa bei isiyofika dola 5,000, na mwaka wa kwanza peke yake ikauza magari 168,882. Magazeti yalishangilia. Lakini injini bado ilikuwa ya Mitsubishi, na kwa kila gari lililouzwa mrabaha ulikwenda Japani. Mitsubishi ilikuwa pia imenunua karibu asilimia 10 ya hisa. Ukitaka injini mpya, unasubiri mwenye leseni aamue kwamba yeye haihitaji tena. Unapewa ya jana, na kesho unashindana naye dukani akiwa na ya leo.

Ndiyo maana, hata kabla ya Excel kufika Marekani, mwaka 1984 Hyundai ilifungua maabara ya injini huko Mabuk-ri, Yongin, kusini ya Seoul, ikamchukua mhandisi Mkorea aliyekuwa akifanya kazi General Motors, Lee Hyun-soon. Kampuni ya Ricardo ya Uingereza iliajiriwa kusaidia usanifu. Injini yenyewe wakaiita Alpha.

Msomaji ambaye hajawahi kuinama juu ya injini huenda asione ugumu uko wapi. Fikiria injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika. Kwa sekunde moja kila pistoni inapanda na kushuka mara 100, na ndani ya kila silinda mafuta yanalipuka mara 50. Kando ya moto huo, unene wa ukuta wa chuma tu katikati, yanapita maji ya kupoza. Ukuta ukiwa mnene, injini inakuwa nzito na moto unakosa pa kutokea. Ukiwa mwembamba, chuma kinapasuka. Kipimo sahihi hakiandikwi kwenye leseni. Leseni inakupa mchoro uliokamilika, haikupi sababu ya mchoro kuwa vile.

Injini ya kwanza ya majaribio ilichukua miezi 14 kutengenezwa. Siku ya kuijaribu, bloku ilipasuka vipandevipande. Wakatengeneza nyingine, nayo ikavunjika. Ikawa karibu kila wiki injini mpya inafungwa kwenye meza ya majaribio na kila wiki inavunjika, na ndani ya kampuni wakaanza kuulizana kama kazi ile ina mwisho. Kabla hawajamaliza, walikuwa wamebadili usanifu mara 288 na kutumia injini za majaribio 324.

Katikati ya kazi hiyo, Lee Hyun-soon amesimulia, mwenyekiti wa Mitsubishi, Tomio Kubo, alimwendea Chung na pendekezo: aache mradi wa injini, na mrabaha utapunguzwa nusu. Kubo hakuwa mtu wa kubahatisha. Wakati wa vita alikuwa mbunifu wa ndege. Pendekezo la nusu bei kutoka kwa mtu kama huyo lilimwambia Chung kitu ambacho wahandisi wake wenyewe hawakuwa na hakika nacho, yaani kwamba Mabuk-ri wanakaribia kufika. Mradi uliendelea. Mwaka 1991 Alpha ikatoka, ikawekwa ndani ya gari la Scoupe.

Ubora bado ulikuwa tatizo. Excel zilichakaa haraka, Wamarekani wakazifanyia mizaha kwenye televisheni, na kiwanda cha Hyundai cha Bromont, Quebec, kilichofunguliwa mwaka 1989, kikafungwa miaka minne baadaye. Mwaka 1998 Hyundai ilitangaza Marekani dhamana ya miaka 10 kwa injini na giaboksi. Ahadi kama hiyo ni vigumu kuitoa kwa injini ya mwenzako.

Msukosuko wa fedha wa 1997 uliikuta sekta nzima ya magari ya Korea na madeni makubwa. Kia ilianguka, ikanunuliwa na Hyundai. Samsung Motors ilikwenda kwa Renault mwaka 2000. Daewoo, ambayo ilikuwa imeachana na General Motors mwaka 1992 na kukimbilia kufungua viwanda nchi nyingi, ilifilisika, na mwaka 2002 General Motors ikarudi na kununua sehemu kubwa ya mabaki yake.

Mwaka huohuo wa 2002 Chrysler, Mitsubishi na Hyundai waliunda ubia wa kutengeneza injini moja ya silinda nne kwa ajili ya kampuni zote tatu. Usanifu wa msingi uliochaguliwa ulitoka kwa Hyundai, chini ya Lee Hyun-soon. Kiwanda cha Marekani kilijengwa Dundee, Michigan, kikaanza kutoa injini mwaka 2005, na malipo ya teknolojia safari hii yalielekea Seoul.