Damu ya Ng'ombe Wetu, Toka Siku za Sotoka Hata Leo

Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki msomaji ataziona hesabu za miaka kumi ya Chama Kikuu chetu: maziwa, madeni, majengo. Habari ya ng'ombe wenyewe, walikotoka na namna walivyozaliana, haimo katika hesabu yo yote. Nimeonelea vema niieleze, kwa kuwa yahusu shauri ambalo Mkutano Mkuu utaombwa kulikata.

Zebu wetu, huyu mdogo mwenye nundu na pembe fupi, ni mzao wa wachache walionusurika. Mwaka 1887 sotoka iliingia Eritrea pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Waitalia. Ikateremka kusini kwa kasi ya kutisha: kufika mwaka 1891 ilikwisha enea nchi ya Wamasai, na mwaka 1896 ilivuka Mto Zambezi. Yakadiriwa ya kwamba mahali pengi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipofika Ngorongoro mwaka 1892 aliwakuta Wamasai wamebaki mifupa mitupu kwa njaa. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umefutika duniani mwaka 2011, na shukrani ni kwa wenye sindano za chanjo.

Sasa hapa pana jambo la kustaajabisha. Kundi likipunguka namna ile, wanaobaki huzaliana wenyewe kwa wenyewe na damu yao husongamana. Ingetazamiwa basi zebu wa leo wawe kama watoto wa nyumba moja. Walakini wataalamu waliochungua urithi wao wameona ya kwamba ng'ombe wa Afrika Mashariki wana tofauti nyingi sana ndani yao. Upande wa mama wametokana na ng'ombe wa kale wa Afrika wasio na nundu. Nundu ilikuja na mafahali wenye asili ya Asia. Na baada ya sotoka kulikuwa na desturi za wazee, ambazo kwa maoni yangu ndizo zilizotuokoa. Ng'ombe hawakukaa zizi moja. Walilipwa mahari, wakaenda ukweni. Waliwekwa kwa rafiki wa mbali ili maradhi au ukame usiwamalize wote pamoja. Walibadilishwa kwa nafaka. Na tuseme kweli, waliibwa. Mwizi wa ng'ombe hastahili sifa, lakini fahali aliyemswaga usiku alikuwa mgeni kwa mitamba ya huko alikompeleka.

Huko Mpwapwa, katika mkoa wa Dodoma, kazi ya kuchanganya damu ilifanywa kwa makusudi. Katika kituo cha utafiti zebu wa nchi walichanganywa na Red Sindhi na Sahiwal wa asili ya bara Hindi, pamoja na Borani na damu kidogo ya Ulaya, hata mwaka 1958 ikahesabiwa ya kwamba koo mpya imepatikana, atoaye maziwa na nyama na kuivumilia nchi kavu. Kazi njema. Lakini majike wa kuzaa walibaki wachache, na koo iliyoundwa kwa kuchanganya ikaingia katika hatari ya kuzaliana ndugu kwa ndugu.

Hatari hiyo imo mazizini mwetu pia. Chama cha msingi hununua fahali mmoja mzuri, wanachama humfurahia, naye hukaa miaka sita au saba. Binti zake wakifika umri, hupandwa na baba yao. Ndama wa namna hiyo, kwa robo ya urithi wake, hupata kitu kile kile toka pande zote mbili, na kasoro iliyojificha kwa baba hudhihirika. Dalili zake si za ghafula: mtamba hachukui mimba upesi, ndama huzaliwa dhaifu, maziwa hupungua kidogo kidogo, nasi twalaumu malisho. Wenye elimu ya uzazi wana hesabu isemayo ya kwamba fahali mmoja na majike 30, kwa kadiri damu inavyosongamana, ni sawa na kundi la ng'ombe wasiofika wanne. Majike wakiwa 100, hesabu bado haifiki wanne. Ukiongeza fahali wa pili, yakaribia wanane. Naliikokotoa mara tatu kwa kutoamini. Mirija ya uhimilishaji nayo haitatui neno, ikiwa fahali mmoja azaa wilaya nzima na jina lake halikuandikwa po pote.

Shauri lenyewe ni hili: vyama vya msingi vibadilishane mafahali kabla mwaka wa tatu haujaisha, maana karibu na wakati huo binti wa kwanza wa fahali huanza kutaka dume, kila fahali apimwe kwanza ugonjwa wa kutupa mimba, na kila chama kiwe na daftari la baba na mama wa kila ndama. Pingamizi nazijua. Wanachama waliochanga fedha zao kumnunua fahali hawapendi kumwona akienda kwa jirani, na kupokea mwingine wasiyemjua tabia. Wana haki. Ndiyo maana shauri lasema fahali abaki mali ya chama kilichomnunua, na akifa angali kwa jirani, thamani yake ilipwe na Chama Kikuu. Gharama ya lori haijapata mlipaji. Wajumbe waombwa waje na maoni ya vyama vyao juu ya hilo.