Mnepo: Neno la Sakafu ya Mbao

Simu iliita saa sita kasoro usiku. Alikuwa fundi wa tailizi, kijana wa Tanga niliyemfundisha Kiswahili sekondari. Siku hizi yupo Ohio, Marekani, na kazi yake ni ileile.

"Shikamoo mwalimu. Nimepewa sebule niipige tailizi, lakini huku hakuna jamvi la zege. Ni mbao tupu, na chini ya mbao kuna chumba kingine. Kwenye karatasi ya maelekezo kuna neno silielewi. Nimeruka juu ya hizo mbao mara kumi, ziko imara. Sasa wanataka nini tena?"

Neno lenyewe lilikuwa "deflection", na mbele yake pameandikwa L/360. Nikamjibu upesi kwamba ni kupinda. Nilikosea, na kosa hilo likaninyima usingizi.

Kitu kikipinda kimepinda. Msumari uliopinda hubaki hivyo mpaka uunyooshe kwa nyundo. Kubonyea nako ni kwa godoro, au sufuria iliyoanguka. Mafundi wenyewe husema mbao "zinacheza", neno tamu, ila limebeba mengi mno: ubao usiokazwa unacheza, na mlango uliolegea bawaba unacheza pia. Karatasi ile ilizungumzia kitu kizima, kilichokazwa barabara, ambacho ukikitwika mzigo kinashuka katikati na ukiutua kinarudi. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilo hasa: kunepa. Aliyewahi kumwona mchukuzi wa maji na mzega begani anakijua. Ndoo zikijaa, mti unanepa kila anapopiga hatua. Akizitua, mti unanyooka kana kwamba haukubeba kitu. Basi kiasi cha kunepa na tukiite mnepo.

Mchukuzi, tena, huupenda mti unaonepa kwa sababu unampunguzia bega mshtuko. Ni mti imara kabisa. Hapo ndipo fundi wangu aliponaswa: aliruka ili ajue kama mbao zitavunjika, kumbe anaulizwa zinanepa kiasi gani. Uimara na ukakamavu ni mambo mawili, na hesabu zake haziendi pamoja. Ukiongeza kimo cha boriti mara mbili, nguvu yake ya kubeba inakuwa mara 4, lakini ukakamavu unakuwa mara 8. Ukiongeza mara mbili urefu ulio hewani, yaani kutoka egemeo hadi egemeo, na kila mita ikabeba mzigo uleule, mnepo unakuwa mara 16. Namba hiyo ya mwisho nimeirudia kwa mafundi watatu, na wote wameniomba niirudie tena.

Ile herufi L ni urefu huo ulio hewani. L/360 maana yake ni kwamba boriti ya mita 3.6 isinepe zaidi ya milimita 10 inapobebeshwa mzigo wa kanuni, ambao kwa sebule za Marekani ni kama kilo 195 kwa kila mita ya mraba. Na boriti peke yake haitoshi. Boriti hizo kwa kawaida hupangwa kila baada ya sentimita 40 hivi, na juu yake hulazwa plaiwudi. Plaiwudi nayo hunepa kati ya boriti na boriti, na hapo kipimo kilekile kinaruhusu milimita 1 na ushei tu. Fundi hukagua boriti akaridhika, akasahau ubao. Baada ya miezi michache grauti ya kati ya tailizi na tailizi inaanza kumeguka kwa mistari iliyonyooka, kila sentimita 40.

Kwa nini ukali wote huo? Kwa sababu ya kaure ambayo tailizi hutengenezwa nayo. Udongo wake huchomwa kwenye joto la nyuzi 1200 hivi za Selsiasi mpaka vitundu vyake vizibe. Kigae kikihesabiwa kuwa kaure, maji kinayonyonya hayazidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Ni kigumu, hakichuniki ovyo, lakini kunepa hakukijui. Kikilazimishwa, kinakatika. (Nipitie pembeni kidogo: Waitaliano waliita kaure porcellana, jina walilokwisha kulipa simbi, yule kombe mdogo anayeng'aa. Sisi nasi neno kauri huku ni simbi, huku ni vyombo vya udongo mng'avu. Watu wa bahari mbili waliangalia kitu kimoja wakawaza kombe.)

Madukani kwetu Tanzania tailizi yoyote ya sakafuni huitwa marumaru. Kwa mazungumzo haina neno. Kwa mnepo ina neno kubwa, maana marumaru halisi, lile jiwe, hudai L/720: boriti ileile ya mita 3.6 sasa isishuke zaidi ya milimita 5. Anayefasiri maelekezo akiandika "marumaru" bila kusema ni jiwe au ni kaure, amempa fundi sakafu mbili tofauti kwa jina moja.

Kuna pia karatasi ngumu ya plastiki yenye vishimo, inayogundishwa kati ya mbao na kigae. Iliyovuma zaidi ni Ditra, ambayo kampuni ya Schlüter ya Ujerumani iliitoa mwaka 1987. Nimeona ikiitwa "utando wa kuzuia nyufa", na tafsiri hiyo siipendi. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, kaure haifanyi hivyo. Utando unaviachanisha ili kila kimoja kijongee kivyake, kwa ubapa. Kushuka na kupanda hauwezi kukuzuia. Uitwe utando wa kuachanisha, asije mtu akautandika juu ya boriti zinazonepa akidhani amezitibu. Vivyo hivyo mbao za saruji: zinakipa kigae pa kushika, ukakamavu haziongezi wa kutajika.

Na zile mbao zinazobeba vyote hivi? Ukisema "sakafu ya chini" msikilizaji anashuka mpaka ghorofa ya chini. Mimi naandika kitako cha sakafu, kama tusemavyo kitako cha mtungi. Sakafu yenyewe ni neno lililohama. Kwa Kiarabu saqf ni dari au paa, kwetu likawa pa kukanyagia. Ingia nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja uinue macho: boriti za mikoko zimelazwa ukuta kwa ukuta, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa, na kitu hichohicho ni dari kwa aliye chini na sakafu kwa aliye juu. Vyumba vile ni vyembamba, kama mita 2.5 hadi 3, kwa kipimo cha boriti zenyewe. Mtu akilalamika kwamba vinabana, mkumbushe ile mara 16.

Siku ya nne fundi alinitumia picha. Alikuwa ameshuka chumba cha chini akaipa kila boriti pacha wake, ubao kwa ubao, gundi na bolti. Kisha aliweka bakuli la maji katikati ya sebule na kumwambia mwenzake apite kwa kishindo.

"Maji yametulia, mwalimu. Mnepo umekwisha."

"Haujesha. Umepungua."

"Haya, umepungua. Na hii grauti, Kiswahili chake nini?"

Nikamwambia wengine tunasema ujazio. Alicheka mpaka nikasikia mwenzake akiuliza kuna nini.